Dakika Moja Baada ya Kilima

Mpendwa Kobe,

Nakusalimu kwa jina lako la utani, maana lile la kwenye vyeti lilikuwa la wakaguzi na wageni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, au mzima kwa kadiri ya umri wetu, na kwamba lile goti la kulia limepoa. Nilikuona siku ile kliniki ukiliburuta huku ukijifanya si lako. Msalimie sana mwanao kama amekwisha fika kukuchukua. Ukitaka kujua hali yangu, ninakula, ninalala kiasi, na gazeti ninalisoma mpaka matangazo ya viwanja, ila siketi. Tangu asubuhi nimeianza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliinuka kufunga dirisha, mara ya pili niliinuka kulifungua, na ya tatu nilijikuta nimesimama jikoni nimeshika kifuniko cha sufuria, sijui nilikifuata cha nini.

Ninakaa na binti wa marehemu mdogo wangu. Mdogo wangu utamkumbuka, ndiye aliyekuwa akitushikia viatu na masweta pale chini ya kilima. Huyu binti yake anafanya kazi katika duka la miwani, na amerithi ulimi wa mama yake. Juzi alinitazama nikizunguka meza akasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikamwambia kuku mwenyewe amezeeka na yai hana, aniache nitembee. Akacheka, lakini akaja kunishika mkono, na nikajua vidole vyake vilikuwa vinatafuta mapigo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuyatafuta, sasa ananitafutia mimi.

Jambo la kwanza linalonifanya niandike ni kukuomba radhi. Tulionana kliniki baada ya miaka mingi kiasi kile, tukaketi pamoja kwenye benchi lile lenye sponji iliyochungulia nje, ukaniambia habari za kifo cha mkeo na habari za mwanao anayetaka uhamie kwake mwisho wa mwezi huu, kisha nikaitwa ndani na hukuniona tena. Naambiwa ulingoja. Huyu binti yangu, maana sasa ni wangu, alikukuta bado umekaa pale, kofia magotini, ukamwuliza nyumba yetu iko wapi, ukamwachia salamu na anwani. Sikuondoka kwa dharau, Kobe. Nilitolewa kwa mlango wa upande wa pili nikiwa nimelala kitandani, nasukumwa.

Ilikuwa hivi. Yule binti wa mashine alinibandika vile vidude vya kunata kifuani, nyaya zikaning'inia, akanipandisha kwenye mkanda unaozunguka. Unaujua, nawe ulikuwa unangoja zamu yako. Unatembea lakini hufiki popote, na kila ukizoea wanauinua kidogo uwe kama mlima. Mkanda wenyewe ulikuwa unalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nilitembea kwa kiburi, nakiri, kwa sababu nilijua uko nje ya pazia na unasikia nyayo zangu. Sikudumu kama nilivyotaka. Binti akausimamisha mkanda, akanikalisha kwenye kiti, akageukia kioo chake kuangalia moyo unavyoshuka. Baada ya kitambo akaniuliza, kwa upole wa watu wanaoongea na wazee, "Bibi, moyo umetulia?"

Nikamjibu, "Bado."

Wewe ukiwa upande wa pili wa pazia ulicheka, ukasema neno. Nitalifikia hilo neno. Naomba univumilie kwanza, maana nikilikimbilia nitaishiwa pumzi kabla sijalisema vizuri.

Muda uleule mstari kwenye kioo, uliokuwa umeanza kushuka, ukageuka ukapanda. Mimi nimekaa, miguu imetulia, mikono imo mapajani, na moyo unapanda kana kwamba nimerudi mlimani. Binti akakunja uso, akagonga mashine kwa kucha, kisha akamwita daktari. Daktari akaja, kijana mwenye penseli sikioni, akaniuliza kama kifua kinauma, nikasema hapana. Kizunguzungu? Hapana. Kuna kitu kimenishtua? Nikasema hapana. Hilo la mwisho lilikuwa uongo. Ndipo wakanilaza na kunisukuma kule.

Majibu tulipewa wiki iliyofuata. Daktari alikuwa akimweleza binti yangu mambo yangu mbele yangu, kama mimi ni begi lililoletwa kupimwa uzito, mpaka nilipomwambia kwamba nimefundisha mambo ya moyo na mbio katika chuo cha ualimu tangu kabla baba yake hajaoa. Akageuza kiti akanitazama, na tangu hapo tukaongea vizuri. Moyo wangu umechoka, Kobe. Misuli yake imelegea, haina cha kushonwa wala kubadilishwa, na umri wangu hauruhusu kupasuliwa. Ninaweza kupata miezi, ninaweza nisipate. Hayo nilikuwa nimekwisha kuyajua kutokana na miguu yangu inavyovimba jioni. Lakini alisema kuna sehemu moja ya karatasi ya kipimo ambayo haielewi. Moyo mgonjwa hushuka polepole, alisema, huo anaujua. Huu wangu ulishuka, kisha ukapanda mtu amekaa. Akaomba turudie kipimo. Nikakataa. Binti yangu alikasirika njia nzima, na hadi leo hajui kwa nini nilikataa.

Nimeinuka tena. Bomba la jikoni linadondoka, na kila tone naona linanihesabia. Nimelikaza kwa kitambaa. Tuendelee.

Unakumbuka kilima cha tangi la maji, nyuma ya mabweni. Wakufunzi wenzetu walisema natesa watoto wa watu, nawapandisha mbio halafu wakifika juu, badala ya kuwaacha wapumzike, nawasimamisha wajipime mapigo shingoni. Wewe ulikuwa mwalimu wa baiolojia, huna hata sababu ya kuwa pale, ila ulisema unataka kuona kwa macho mambo unayoyachora ubaoni. Ulianza kila mbio mwisho kabisa na ndiyo maana wanachuo wakakuita Kobe, nami wakaniita Bi Saa kwa ajili ya ile saa ya kupimia mbio niliyoivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Ulianza mwisho, lakini juu ulifika na wa mwanzo. Kisha ukajitupa majanini kama gunia, nami nikapiga kelele uinuke utembee, damu isikae miguuni.

Niliwaambia kila mwaka maneno yaleyale, na wewe uliyasikia mara nyingi hadi ukayaigiza kwa sauti yangu kwenye chumba cha walimu. Nilisema mkimbiaji humtambui akiwa mbioni, unamtambua akisimama. Akiwa mbioni kila moyo unakwenda mbio, wa shujaa na wa mvivu. Ni kama gari: mwili umekanyaga mafuta na umeachia breki. Ukisimama, kitu cha kwanza kurudi ni breki, na kwa moyo wenye afya hurudi upesi, ndani ya dakika ya kwanza tu, mapigo yanashuka unayasikia chini ya kidole. Mafuta huachiwa baadaye, taratibu, maana damu bado ina ule moto wa mbio. Kwa hiyo nikawafundisha kuiheshimu hiyo dakika moja. Usiongee. Usicheke. Hesabu. Na pale juu neno letu lilikuwa moja, mtu akimpita mwenzake anamwuliza, "Moyo umetulia?" naye anajibu "umetulia" au "bado." Wapishi wa chuo walilidaka, wakawa wanaulizana wakishusha magunia ya unga. Lilikuwa neno la mlimani, halikuwa na maana nyingine.

Hapo ndipo penye kosa, na nimelitafuta kwa muda mrefu bila kuliona kwa sababu nilikuwa nimelikalia.

Mwaka ule mama yangu alifariki. Uliomba ruhusa kazini ukaja msibani, ukabeba viti, ukakaa na wajomba zangu kama mtu wa nyumbani. Mwezi mmoja baadaye, tukitoka maktaba, uliniambia unataka kuwatuma wazee wako kwetu, ila hutaki kuwatuma kabla hujasikia kauli yangu. Uliongea ukitazama viatu vyako. Mimi nilikuwa na mdogo wa kulea, na kaburi bado bichi, na nikakujibu kwa maneno ninayoyakumbuka kwa sababu ni yangu: nilikuomba unipe muda, moyo wangu utulie kwanza. Ukasema utangoja. Na ulingoja, Kobe, hukunisumbua hata kwa jicho. Msimu mzima wa mashindano ulipita, tukapanda na kushuka kilima, ukawa unanibebea vile vigingi vya kuwekea alama, na hukugusia neno.

Siku ya mazoezi ya mwisho wa msimu nilipanda kilima pamoja nanyi. Nilikimbia kwa nguvu kuliko siku zote. Nilipofika juu wanachuo walikuwa wametapakaa kila mmoja na shingo yake, na wewe, kinyume na desturi yako, hukujitupa majanini. Ulikuja ukasimama mbele yangu, unahema, jasho linakudondoka kidevuni, ukaniuliza, "Mwalimu, moyo umetulia?"

Vidole vyangu vilikuwa shingoni. Macho yangu yalikuwa kwenye saa. Nikasema, "Bado," nikanyanyua mkono mwingine kukuzuia, usinipotezee hesabu.

Ukasema, "Haya." Nilipomaliza dakika yangu na kuinua kichwa, ulikuwa nusu ya njia ya kushuka, peke yako, unakwenda kwa haraka. Na mimi, nikiwa sijui lolote, nikakupigia kelele mbele ya wanachuo wote, "Kobe, tembea polepole!" Walicheka. Uliinua mkono bila kugeuka.

Mwisho wa muhula uliomba uhamisho. Niliambiwa umepata shule karibu na kwenu, nami nikaona ni sawa, kila mtu na kwao. Nikangoja uje uniulize jibu langu. Ulikuja kuaga, ukanipa mkono, ukaniambia nisiwaue watoto wa watu. Nikajisemea kwamba umebadili nia, na mwanamume aliyebadili nia haendewi na kuulizwa kisa. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokuwa na kiburi. Baada ya mwaka ukaoa. Nilikuja harusini kwako na nikacheza mpaka kiatu kikakatika kisigino, na mkeo, Mungu amrehemu, akanipa vyake vya kushindia. Nilimpenda tangu siku ile, na sitaki barua hii imguse kwa ubaya. Wala usidhani niliishi nikikulilia. Mume wangu alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu wa utani mwingi, alikuwa akisema nyumba yetu ina wapima wawili na hakuna anayejua kitu kilipo. Nilizeeka naye vizuri. Nilipomzika nililia machozi ya kweli.

Lakini palikuwa na kitu kidogo kilichokuwa hakikai mahali pake. Nikiwa nimeosha vyombo, nikiwa nasahihisha mitihani, kinaniinua kitini. Sikukipa jina. Nilidhani ni tabia yangu ya mguu mwepesi.

Sasa nifike kwenye lile neno lako. Kule kliniki yule binti wa mashine aliniuliza kama moyo umetulia, nikasema bado, na wewe nje ya pazia ukacheka, ukamwambia:

"Huyo usimwulize hilo, binti yangu. Mimi nilimwuliza mara moja tu juu ya kilima, akanijibu hivyohivyo, na sijarudia tena."

Ulisema kwa utani. Sauti yako haikuwa na kinyongo chochote, ni mzee anayemtania mzee mwenzake. Na mimi nikiwa nimekaa na nyaya zangu kifuani nikaona kilima chote. Nikaona jasho kidevuni mwako. Nikaona kwamba ulikuwa umenirudishia maneno yangu mwenyewe, yale ya mlango wa maktaba, kwa adabu, baada ya kuyatunza msimu mzima, na mimi nikakujibu habari ya mshipa wa shingo. Na ule mkono, Kobe. Wewe uliona mlango unafungwa. Mimi nilikuwa nahesabu.

Basi ule mstari ambao daktari hauelewi, unaopanda mtu akiwa amekaa, ni wewe. Usijilaumu, hukunidhuru, ugonjwa niliokuwa nao nilikuwa nao kabla ya benchi lile. Lakini nisingeweza kumwambia kijana mwenye penseli sikioni kwamba kipimo chake kimeharibiwa na mzee wa goti bovu aliyekuwa akicheka nje. Ndiyo sababu nimekataa kurudia. Ningekuwa nawapotezea karatasi. Moyo wangu wa kurudia kipimo ungeshuka tu kama wa mgonjwa yeyote, wakasema ile ya kwanza ilikuwa hitilafu ya mashine, na mimi sitaki iitwe hitilafu.

Hayo ungeweza kuyakisia mwenyewe. Limebaki moja usiloweza kulikisia, na nimezunguka meza siku zote hizi kwa sababu yake. Nikifa nalo litakuwa halijasemwa popote.

Siku ile kilimani nilikuwa nimekwisha amua. Niliamua asubuhi nikimsuka mdogo wangu nywele. Alitikisa kichwa nikamwambia atulie, na nikasikia neno lile mdomoni mwangu, nikajua mimi mwenyewe nimetulia, siku nyingi zimepita, sina ninachongoja. Nilipanda kilima nikiwa na jibu lako. Ndiyo maana nilikimbia vile. Na pale juu nilikuwa nahesabu, si kwa ajili ya mafunzo, mafunzo ya siku ile yalikwisha. Nilikuwa nangoja mapigo yashuke ndipo nikuambie, kwa sababu sikutaka nikuambie nikihema, ukadhani sauti inatetemeka kwa mbio. Nilitaka dakika moja tu, nikuambie nikiwa na pumzi zangu zote. Ulikuja katikati ya hiyo dakika.

Nimekaa, Kobe. Sasa hivi nimeandika hayo, na ninaona nimekaa, na bomba linadondoka tena na sijainuka.

Sikuandikii ili tufanye hesabu ya nani alikosa. Na wewe una sehemu yako, ungeweza kuuliza mara ya pili. Mtu hupanda kilima kila wiki halafu neno moja linamshinda kulirudia? Lakini nitakuwa mwongo nikisema ningependa maisha mengine badala ya haya. Huyu binti wa mdogo wangu, mume wangu na mizaha yake, mkeo na vile viatu, watoto wako, sijui ni yupi kati yao ningemfuta. Ninachotaka ni kidogo. Nataka usiende kwa mwanao ukiwa unaamini kwamba ulipewa jibu. Hukupewa. Hakuna aliyelisikia swali.

Binti yangu ataileta barua hii mwenyewe akitoka kazini, na nimemkataza kukungoja ujibu. Kama utapenda kuja kabla hujasafiri, anwani anakuachia. Tunakaa ghorofa ya tatu na hakuna lifti, na ngazi zetu ni nyembamba, kuna mtu ameegesha baiskeli kwenye kituo cha pili. Usizipande kwa sifa. Panda kwa mwendo wa jina lako, shika reli, simama kwenye kila kituo. Ukifika juu usijitupe kwenye kiti cha kwanza utakachokiona, tembea kidogo kwanza hapo ukumbini, nitakuacha. Nitakuwa nimeketi karibu na dirisha. Sitasema neno mpaka uwe umepumua, na wala sitatazama saa, nimemgawia mjukuu wa jirani aichezee. Ukishapumua, safari hii nitakuuliza mimi. Nitakuuliza kama moyo umetulia, na tutakuwa wawili tunaojua kinachoulizwa. Ukitaka kujibu bado, jibu bado. Nitangoja pale dirishani kwa muda nitakaokuwa nao.

Nisalimie wote wa kwako, na wale wa shule ya zamani kama wapo waliobaki. Binti yangu anakusalimu kwa heshima, ingawa hajui anakubebea nini. Goti lipake kitu cha moto, usilibishie.

Ni mimi mwenzako wa kilimani,

Bi Saa